Jifunze mvinyo mweupe kwa zabibu moja: Chenin Blanc

Wengi wanaoanza kujifunza mvinyo mweupe hukariri majina ya zabibu, kisha wanachanganyikiwa wakikuta chupa mbili za jina moja, hii kavu yenye uchachu mkali, ile tamu ya kunywewa na kitindamlo. Jina la zabibu halitoshi. Angalia sukari iliyobaki, uchachu, na kama mvinyo ulikaa kwenye pipa.

Chenin Blanc inafundisha haya yote vizuri kuliko zabibu nyingine. Hulimwa bonde la Loire huko Ufaransa, Afrika Kusini ambako ndiyo inayopandwa kwa wingi zaidi, na pia Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Tuanze na sukari. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa pombe: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya pombe. Hamira ikimaliza kazi, mvinyo unakuwa mkavu, yaani hauna utamu. Ikisimamishwa mapema kwa baridi na kuchujwa, utamu unabaki na pombe inakuwa kidogo. Kwa hiyo soma asilimia kwenye lebo: 13 au 14 mara nyingi ni mkavu, 9 hadi 11 tarajia utamu. Hilo ni dokezo tu, kwa sababu zabibu zilizoachwa mtini zikaiva kupita kiasi zinaweza kutoa pombe nyingi na utamu mwingi kwa pamoja. Lebo za Vouvray, huko Loire, mara nyingi husema zenyewe: “sec” ni mkavu, “demi-sec” una utamu wa wastani, “moelleux” ni mtamu.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba harufu ya nanasi au pea ni sukari. Ziba pua kwa vidole, vuta funda dogo, lizungushe mdomoni. Harufu ya matunda itatoweka. Utamu unaobaki ndio sukari. Kisha achia pua, umeze, usikilizie mate. Yakikujaa mdomoni kwa sekunde kadhaa, uchachu ni mkubwa. Chenin ina uchachu mwingi kwa asili, ndiyo maana hata ile tamu haichoshi. Kwenye joto uchachu hushuka upesi zabibu zinapoiva, hivyo mkulima akichelewa kuvuna, mvinyo unapooza.

Pipa la mwaloni huongeza vanila, mkate uliobanikwa na uzito mdomoni. Mvinyo ukiachwa juu ya mashapo ya hamira yakawa yanakorogwa, hupata ulaini wa krimu hata bila pipa jipya. Lebo ya Afrika Kusini ikiandikwa “unwooded”, pipa halikutumika: tarajia tufaha na ndimu. Huo ndio unaofaa changu wa kukaanga. Samaki wa kupaka, mwenye tui zito, anahitaji uliopita kwenye pipa. Chakula chenye pilipili nyingi kipe “demi-sec”, maana mvinyo wenye pombe nyingi huzidisha mwasho.

Kama unaweza, nunua chupa tatu za Chenin, usiopita pipa, uliopita pipa na mtamu, ualike wenzako mgawane gharama. Mimina mililita 50 za kila mmoja, zipange kwa mfuatano huo. Ukianza na mtamu, mkavu utaonekana mchungu bure.

Baridi ikizidi, harufu hufa. Mkavu mwepesi unywe kwenye nyuzi 8 hadi 10, uliopita pipa 11 hadi 13. Friji nyingi zina nyuzi 4 hivi, kwa hiyo itoe chupa dakika 15 au 20 kabla ya kumimina. Kama haijapoa, itumbukize kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Barafu tupu hupoza polepole, kwa kuwa haiigusi chupa pande zote.

Vipande vinavyong’aa chini ya chupa si vioo, ni chumvi za tindikali ya zabibu, havidhuru. Harufu ya boksi lililolowa ni kizibo kilichoharibika: irudishe chupa. Rangi ya kahawia pamoja na harufu ya tufaha lililopondeka kwenye mvinyo wa bei ya kawaida maana yake hewa au joto limeuharibu, aghalabu kwa kusimama karibu na dirisha la duka. Chupa iliyofunguliwa ifunge, iweke kwenye friji, uimalize ndani ya siku 3 au 4.