Usitoboe hiyo bimu karibu na nguzo!

Mkuu, mwambie fundi aweke drili chini kwanza. Umesema anataka bomba la choo la inchi 6 lipite kwenye bimu, chini kabisa, ubavuni mwa nguzo, kwa kuwa "katikati ndiko kwenye mzigo". Maneno hayo hayo nililishwa mimi kwenye nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, nikayameza bila maji.

Kwa bimu ndefu nyembamba, fundi ana nusu ya ukweli. Yako ina kimo cha mita 1.2, uwazi wa mita 3 tu kati ya nguzo za chini, na nguzo ya ghorofa imekaa juu yake katikati. Kanuni za Ulaya zinaitenga na bimu za kawaida urefu ukiwa chini ya mara 3 ya kimo. Za Marekani zinafika hadi mara 4. Humo mzigo hushuka mshazari, kutoka nguzo ya juu hadi nguzo mbili za chini, na zege la kwenye mshazari huo ndilo linalobeba. Fundi wako anataka kutoboa hapo hapo!

Tundu langu lilichongwa kwa patasi, la mraba, eti linapendeza. Nyufa zikaanzia kwenye kona zake: mmoja ukapanda kuelekea nguzo ya juu, mwingine ukashuka kwenye egemeo, pale bimu inapokalia nguzo ya chini. Fundi akasema ni plasta. Plasta! Tukapaka rangi, ufa ukarudi mpana zaidi. Injinia alipouona aliagiza mirunda siku hiyo hiyo, maana bimu za namna hii zikikatika mshazari haziagi. Mirunda, jeki, nondo na zege la kuivalisha upya vilimeza pesa kuliko mabomba ya nyumba nzima, na mpangaji wa duka akahama. Fundi naye waja leo waondoka leo. Simu haipatikani hadi kesho.

Chora mstari kutoka nguzo ya juu hadi kila nguzo ya chini. Tundu lisiguse mistari hiyo. Pembetatu iliyobaki chini katikati ndiyo ya kuulizia, juu ya nondo kuu, na injinia apige hesabu. Usidanganywe na "tutaongeza ringi" (vile vinondo vinavyozungushwa nondo kuu): nondo za mshazari kuzunguka tundu husaidia, lakini huwekwa kabla ya kumwaga zege, na zege lako limeshakauka.

  Wewe tuma picha inayoonyesha nguzo ya juu imekaa wapi.