Jibu: kidimbwi cha kuogelea uani, udongo mweusi, na mtoto wa miaka miwili

Ndugu, umeuliza mchague kidimbwi gani: cha zege, cha faiba (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo), au kile cha fremu kinachosimamishwa juu ya ardhi. Umesema watoto ni watatu, mkubwa ana miaka 11 na wa mwisho 2, kiwanja ni futi 50 kwa 100 kule Ruai, mashariki mwa Nairobi, na nyumba imekwisha. Wengi waliokujibu wameanza na bei na umbo. Mimi niko Utawala, jirani na kwenu, udongo wetu na wenu ni mmoja, na nimejenga kidimbwi mara mbili kwa sababu cha kwanza kilitushinda. Naomba nianzie kwenye udongo, halafu nije kwa huyo wa miaka miwili. Mkishajua la kufanya na hayo mawili, kuchagua aina ni kazi ndogo.

Cha kwanza tulichimba mwishoni mwa 2017. Mita 8 kwa 4, upande mmoja kina cha mita 1, upande wa pili mita 2.2, kwa kuwa mume wangu alitaka mahali pa kupiga mbizi. Fundi alikuja na picha nzuri kwenye simu, kazi alizofanya Runda na Kiambu. Wakati huo sikujua kwamba kule udongo ni mwekundu, unapitisha maji na hauchezi sana. Huu wetu mweusi, mafundi wanaouita blakikotoni, ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Alichimba, akamwaga zege, akajaza kokoto nyuma ya kuta pande zote, akabandika vigae vya bluu. Kilipendeza mno.

Mvua ya masika ya 2018 naamini hamjaisahau, ile iliyobomoa bwawa la Solai kule Nakuru. Katikati ya mvua hiyo maji yetu yaligeuka kijani, na fundi akatushauri tumwage yote tusugue vigae. Tukamwaga. Usiku wa pili nikasikia mlio kama wa mbao kuvunjika. Kulipopambazuka tukakuta sakafu ya upande wa kina kirefu imeinuka, ufa umepita kutoka ukuta hadi ukuta, na maji ya tope yanapanda kupitia hapo.

Mhandisi tuliyemwita baada ya hapo ndiye aliyetueleza. Shimo katika udongo huu ni kama sufuria: maji ya mvua yanateremka kwenye lile kokoto la pembeni, na chini hakuna pa kwenda. Kidimbwi kikijaa, uzito wa maji ya ndani unayazuia ya nje. Chetu kilikuwa na lita 50,000 hivi, yaani tani 50. Tulipoziondoa, maji ya nje yakakisukuma juu kama mtumbwi. Hakukuwa na vali ya kupunguza msukumo sakafuni, wala bomba la kukusanya maji ya pembeni na kuyatoa. Karibu shilingi milioni mbili zilienda hivyo. Nililia, sioni haya kusema.

Kwa hiyo ndugu, kwenye udongo wetu njia ni mbili tu ninazoziamini. Ama mwondoe udongo mweusi wote hadi mkute mwamba au maramu ngumu (ile changarawe nyekundu ya barabarani), kidimbwi kisimame juu ya hapo na maji ya pembeni yawe na njia ya kutoka. Ama msichimbe kabisa. Kuchimba nusunusu, kidimbwi kikalala ndani ya udongo mweusi wenyewe, ni kununua nyufa. Na msikubali kumwaga maji yote wakati wa mvua, hata aje fundi wa namna gani. Kidimbwi kikigeuka kijani husafishwa kwa dawa na filta, maji yakiwa humohumo.

Sasa aina zenyewe. Cha faiba ni kizuri na kinawekwa kwa siku chache, lakini kinakuja kizima kama kilivyo. Pima geti lenu, pima njia ya mtaani, angalia nyaya za umeme zinazoning'inia barabarani, maana lori na kreni lazima vifike. Kwetu lori lisingekata kona. Tena faiba ni nyepesi kuliko zege, kwa hiyo yale yaliyonipata mimi yanaipata upesi zaidi. Kile cha karatasi ngumu ya plastiki iliyotandazwa ndani sikushughulika nacho. Karatasi huchakaa na kubadilishwa, na jua letu la huku juu ni kali.

Cha fremu watu wanakidharau, nami sikidharau hata kidogo. Baada ya msiba ule tulinunua cha Intex cha duara, upana mita 4.5 na kitu, urefu wa ukuta mita 1.2, chini ya laki moja wakati huo. Kinachukua lita 17,000 hivi. Tulisawazisha ardhi kwa maramu, tukashindilia, tukamwaga mchanga laini juu. Hapo msifanye mchezo: kikiegemea upande mmoja, maji yanalemea upande huo na fremu inapinda. Kilitutumikia miaka miwili. Na hiyo miaka miwili ilitufundisha kitu ambacho hakuna fundi angetuambia, kwamba watoto wangu wanacheza na kuogelea kwenye maji ya kufika kifuani, na kwamba siku nyingi kati ya Juni na Agosti hakuna anayeingia. Ile mita 2.2 ya kupiga mbizi tulikuwa tumemlipia nani?

Ndiyo maana cha pili, mwaka 2021, tulikifanya kidogo. Mita 6 kwa 3, kina kutoka sentimita 90 hadi mita 1.3. Ni kama lita 20,000. Tulichimba hadi mwamba, ambao kwetu uko kwenye mita moja hivi, tukajenga zege lenye nondo juu yake, na ukingo tukauinua sentimita 60 kutoka usawa wa ardhi. Kuinua kulipunguza kuchimba, kukazuia maji ya uani yasiingie, na watu wazima wanakaa pale ukingoni wakiangalia watoto. Mchoro ulifanywa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, na kibali cha kaunti tulikichukua kabla ya jembe la kwanza. Mara ya kwanza hatukuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Sasa huyo wa miaka miwili. Hapa ningekuwa karibu nawe ningekushika mkono.

Tulipomaliza cha pili tulisema uzio tutaweka mwezi ujao, pesa ipumue kidogo. Tena tulijiambia ukingo wenyewe umeinuka, mtoto mdogo hafiki. Desemba hiyo ndugu wa pande zote walikuja, watu wazima kumi na wawili wamekaa kibarazani, hatua kumi kutoka kwenye maji. Mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, akasogeza kiti cha plastiki hadi ukingoni, akapanda, akaingia. Hakuna aliyesikia kitu. Hakupiga kelele, hakurusha maji, kwa sababu mtoto anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Shosho wetu, nyanya ya watoto, ndiye aliyeona kiti kimesimama pasipo na mtu, akainuka bila kusema neno, akaingia na leso yake na viatu vyake, akamtoa. Mtoto alikohoa, akatapika, akalazwa usiku mmoja ili aangaliwe. Leo anasoma. Lakini mimi kile kiti bado nakiona.

Basi pesa ya kwanza iwe ya uzio, kabla ya vigae, kabla ya taa, hata kabla ya pampu. Uzio uzunguke pande zote nne; ukuta wa nyumba wenye mlango usihesabiwe kuwa upande, maana mtoto anatokea humohumo nyumbani. Urefu usipungue mita 1.2, vyuma visimame wima bila vya kulala vya kukanyagia, nafasi kati yao isizidi sentimita 10. Geti lifunguke kuelekea nje, lijifunge lenyewe, komeo liwe juu asikofika mtoto. Viti, ndoo na vyungu vya maua vikae mbali na uzio. Lile blanketi la plastiki lenye mapovu la kuhifadhi joto si kinga; mtoto akiteleza chini yake humwoni kabisa. Kama mtachukua cha fremu, ngazi iondolewe na kufungiwa stoo kila mara mnapotoka, na uzio uwepo vilevile. Mwambie fundi aweke matundu mawili ya kunyonya maji sakafuni, yaachane, kila moja na kifuniko chake, ili moja likizibwa na nywele au mwili wa mtoto lile jingine liendelee kuvuta. Na wewe na mama watoto mjifunze kumfufua mtu aliyezama, kupumulia na kukandamiza kifua. Mwambieni na dada wa nyumbani ajifunze. Ndiye anayekaa na watoto mchana kutwa.

Maji mtayapata wapi? Kwa mfereji tu, kwa hali ya mgao wa Nairobi, msitegemee. Bwawa la Ndakaini linaloipa Nairobi maji likipungua, sote tunahesabu siku. Sisi tulijaza kwa bauza, yaani lori la maji, na tunaongezea kwa maji ya kisima cha mtaa. Maji ya kisima yana mambo yake: siku tuliyotia klorini mara ya kwanza yaligeuka rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, mbele ya macho yetu. Ni madini ya chuma yaliyomo, yakikutana na klorini yanageuka kutu. Hatukumwaga. Pampu ilizunguka siku tatu, filta ya mchanga tukaiosha kinyumenyume asubuhi na jioni, yakang'aa. Ukipeleka chupa ya maji yenu maabara kabla ya kujaza utajua mapema.

Kujaza kunaonwa na kila mtu, kukauka hakuonwi. Januari na Februari kidimbwi chetu hupungua karibu nusu sentimita kwa siku. Kwa mita za mraba 18 hiyo ni lita 90 kila siku, karibu 2,700 kwa mwezi. Kile kikubwa cha kwanza kingekunywa karibu mara mbili ya hizo. Tulifunga mifereji ya paa ikaingia tangi la lita 10,000. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 2,400, na ni bure. Fikirieni pia maji yanakotoka. Ya kuoshea filta yana klorini na uchafu, na katika udongo huu shimo la kunyonya halinyonyi. Sisi tuna tangi dogo yanakokaa siku kadhaa hadi klorini iishe, halafu yanamwagiliwa nyasi. Msiyaelekeze kwa jirani.

Baridi. Nairobi iko juu sana, mita zaidi ya 1,600, na Julai asubuhi kipimajoto changu husoma digrii 18 ndani ya maji. Watoto hutoka midomo ikitetemeka. Jua la miezi hiyo hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo nyumba ya ghorofa iliyo kaskazini mwa kidimbwi itakitilia kivuli wakati ule hasa mnapolitaka jua. Kama uani kwenu ni kusini mwa nyumba, sogezeni mita nne au tano kutoka ukutani. Mabomba meusi juu ya paa yanayopashwa na jua hutupandishia digrii tatu au nne siku zenye jua. Julai yenye mawingu hayasaidii sana. Msisogeze kidimbwi karibu na mjakaranda. Ua lake ni zuri likiwa mtini, likiingia kwenye skima, lile tundu linalonasa uchafu unaoelea, ni kazi ya kila asubuhi kuanzia Septemba.

Matumizi ya mwezi hayatishi kama kidimbwi ni kidogo. Pampu ya nguvu-farasi 1 inakula karibu kilowati moja. Ikizunguka saa 6 kwa siku ni yuniti 180 za umeme kwa mwezi. Izungushe mchana kama mna sola. Pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, ikae kati ya 7.2 na 7.8, klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Dawa ya unga tia jioni, jua lisiile, na kila mara tia dawa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa. Klorini ya unga na ile ya vidonge zisikutane kwenye ndoo moja hata zikiwa kavu, zinaweza kulipuka. Zifungiwe kwa kufuli.

Ningekuwa mimi, kwa huyo mdogo wa miaka 2 na kwa udongo huo, ningeweka uzio mwaka huu, ningenunua cha fremu, ningekaa nacho hadi afike 4 au 5 na awe amefundishwa kuogelea, ndipo ningejenga cha zege cha kina kifupi mahali ambapo familia imeshapajua. Na leo, wakati bado mnafikiria, tafuta kijana wa jembe achimbe shimo lenye upana wa mita moja kila upande pale mnapotaka kidimbwi, hadi aguse mwamba au maramu. Pima kina. Lifunike kwa mabati na kulizungushia uzio, watoto wasitumbukie. Mvua ikinyesha, funua uone maji yanakaa siku ngapi. Ukipata hizo namba mbili, kina na siku, ziandike hapahapa chini nitakuambia sisi tulikuta nini na tulifanyaje.