Maswali ya wasomaji: Nguvu ya usumaku ya mwaka 1600 ilipimwaje?

SWALI: Nimeona ramani ya usumaku wa Dunia ya mwaka 1600 yenye hadi nguvu zake. Dira huonyesha upande tu. Hiyo nguvu ilitoka wapi?

JIBU: Ilikisiwa. Kabla ya Carl Friedrich Gauss kupata njia ya kupima nguvu kamili, mwaka 1832, mabaharia walijua mambo mawili: sindano inavyopotoka kutoka kaskazini ya kweli, na inavyoinama. Ramani kama hiyo hutoka kwenye modeli ya hesabu iitwayo gufm1, ya 1590 hadi 1990, inayotegemea mno batli (daftari za safari) za meli za Ulaya. Ina namba 224 za kuchora umbo la usumaku, kila moja ikibadilika taratibu kadiri miaka inavyopita.

Tatizo ni hili: zidisha usumaku wote wa Dunia mara mbili, sindano haitatikisika. Pande zikipimwa kwa wingi hutoa umbo, ukubwa hazitoi. Waundaji wa modeli wakachukulia kwamba kabla ya 1840 namba kuu kati ya hizo 224 ilipungua kwa nanotesla 15 (kizio cha nguvu ya usumaku) kila mwaka, kama ilivyofanya baadaye. Kwa miaka 240, tangu 1600, hiyo ni nanotesla 3,600, na yote ni dhana. Uchambuzi wa udongo wa kale uliochomwa, uliotolewa mwaka 2006, ulipata takriban nanotesla 2 tu kwa mwaka. Kwa hiyo amini umbo kuliko nguvu.

Longitudo za kwenye batli nazo zilikuwa za kubahatisha kabla ya kuwepo saa sahihi za baharini. Kosa hukua tangu nahodha aiache nchi kavu, hivyo safari husahihishwa pale alipoiona tena.

SWALI: Kigae cha chungu nilichookota kinaweza kusaidia?

JIBU: Kwa nguvu, ndiyo, umri wake ukijulikana. Magnetaiti, madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo, ikipita nyuzi 580 za Selsiasi hupoteza usumaku. Ikipoa hubeba usumaku wa Dunia wa siku hiyo. Maabara hukichoma kigae hatua kwa hatua, kila joto mara mbili: kwanza bila usumaku, kisha ndani ya usumaku unaojulikana. Kikipoteza sehemu 3 za usumaku wake wa kale na kupata sehemu 4 ndani ya mikrotesla 40 (mikrotesla moja ni nanotesla 1,000), usumaku wa Dunia wa kale ulikuwa mikrotesla 30. Kila baada ya hatua kadhaa hurudiwa joto la chini. Jibu likibadilika, moto umezaa madini mapya na kigae hicho hutupwa. Kukipoza haraka kuliko alivyofanya mfinyanzi huongeza jibu kwa uongo.

Upande hautapatikana, kwa kuwa chungu kilihamishwa. Huo utafutwe kwenye sakafu ya joko isiyosogezwa, na kaskazini iwekwe alama kwa jua: udongo uliochomwa huivuta dira.