Maswali na majibu: Je, inatosha kusema Hero ni mkimya na Beatrice ni msemaji?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunachambua tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing. Niliandika kwamba Hero ni foili (mhusika anayewekwa kando ya mwingine ili tofauti zao zijitokeze) wa Beatrice kwa kuwa yeye ni mkimya na mtiifu, ilhali binamu yake ni msemaji na mkaidi. Mhadhiri kanirudishia kazi akisema nimeorodhesha sifa, sijachambua. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba. Ulichoandika si uongo, ila umeishia njiani. Ili foili ifanye kazi, waweke wahusika wote wawili mbele ya jambo moja, kisha uangalie nani anasema nini na nani anamsikiliza.

Onyesho la kwanza linakuunga mkono. Beatrice anamkejeli Benedick, askari anayerushiana naye maneno kila wakikutana, kabla hata huyo hajaingia Messina, mji wanamoishi mabinamu hawa. Hero ana mstari mmoja tu katika onyesho zima, nao ni wa kumfafanulia mjumbe ni nani anayesemwa. Baadaye Claudio, rafiki wa Benedick, anapokabidhiwa Hero awe mchumba wake, Beatrice ndiye anayemhimiza Hero atamke neno, na Hero anamnong'oneza Claudio sikioni. Sisi watazamaji hatusikii kitu.

Sasa ingia bustanini, sehemu ya 3, onyesho la 1. Hakuna mwanamume hapo. Hero yuko na mhudumu wake Ursula, Beatrice kajificha anasikiliza. Ghafla huyo mkimya wako ndiye anayeongoza mtego wa kumfanya Beatrice ampende Benedick, anaongea kwa mapana, na anamchambua binamu yake bila huruma: ana kiburi, ana dharau, anajipenda mno. Kumbe ulimi anao! Mbele ya baba na wakubwa anaufungia. Tazama na umbo la lugha: Hero anazungumza kwa mistari ya mizani, na Beatrice, ambaye hadi hapo silaha yake ni nathari ya haraka haraka, anatoka mafichoni akisema mistari 10 ya kishairi. Wanafunzi wengi huliruka onyesho hili wakidhani ni la kuchekesha tu. Mimi ningeanzia hapo.

Kisha kanisani, sehemu ya 4. Siku ya harusi yao, Claudio anamtuhumu Hero hadharani kwamba si mwaminifu, Hero anazimia, na baba yake mzazi anaona heri afe. Utiifu wake wote haukumkinga. Beatrice hana shaka kwamba binamu yake kasingiziwa, lakini ukali wa maneno unamfikisha wapi? Anamwambia Benedick amuue Claudio, kisha analia laiti angekuwa mwanamume. Wapo wanaomsifu kama mwanamke huru. Mimi sioni uhuru mkubwa kwa mtu anayelazimika kuazima upanga wa mwingine. Anayenyamaza na anayesema wote wamebanwa na heshima ile ile ya wanaume, na hoja yako ijengwe juu ya hilo.

Ukibakiwa na nafasi, gusia mwisho. Hero anatoa karatasi ya mapenzi aliyoiiba mfukoni mwa Beatrice, kisha Beatrice anazibwa mdomo kwa busu na hasemi tena hadi pazia lifungwe. Katika chapa ya 1600, anayetamka kwamba mdomo huo uzibwe ni Leonato, baba yake Hero na mjomba wa Beatrice. Wahariri wa baadaye ndio waliompa Benedick mstari huo. Angalia toleo lako limeandikaje kabla ya kunukuu.