Ukiacha maziwa ya ng'ombe, uweke nini kwenye kikombe?

Tangu niache maziwa ya ng'ombe, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: maziwa gani ya mimea ni bora? Nami huuliza kwanza: bora kwa kazi ipi? Ya kutia kwenye chai, ya kuokea keki, ya kumlisha mtoto anayekua, au ya kutuliza tumbo linalokusumbua? Ukitoa hiyo ya tumbo, maziwa ya ng'ombe yalikuwa yanazifanya kazi zote hizo peke yake. Kwenye mimea, soya ndiyo inayokaribia, na hata hiyo ina vituko vyake.

Anza na sababu yako ya kuacha. Wengi, mimi nikiwemo, tunakimbia laktosi, ile sukari ya asili ya maziwa. Mwili huimeng'enya kwa msaada wa laktasi, kimeng'enya cha utumbo mdogo, na kwa watu wengi duniani, takriban theluthi mbili, laktasi hupungua baada ya utoto. Ndipo tumbo linapojaa gesi, linaunguruma, na safari za chooni zinaanza. Kama shida yako ni hiyo tu, na bado unayapenda maziwa ya ng'ombe, yapo yaliyoondolewa laktosi kiwandani, hulazimiki kuhama. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine kabisa. Huyo hata hayo yasiyo na laktosi ni hatari kwake, kwa kuwa protini imebaki palepale. Vilevile mwenye mzio wa soya au wa lozi asidhani kwamba neno "mimea" linamlinda.

Sasa tuje kwenye lishe, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe kina gramu 8 hivi za protini. Soya iko karibu na hapo, gramu 6 hadi 8, na ya njegere inaweza kufika kiasi hichohicho. Oti inashuka hadi gramu 2 au 3. Lozi ni gramu 1 tu, na mchele mara nyingi haufiki hata hiyo moja. Mtu mzima anayekula vizuri na anayetaka tu kuibadili rangi chai yake hana haja ya kuhangaika na hesabu hizi. Lakini kama maziwa ndiyo yalikuwa chakula chako cha asubuhi, ukihamia kwenye lozi umehamia kwenye maji yenye harufu nzuri. Geuza pakiti usome: ziko ambazo lozi yenyewe ni asilimia 2 au 3, kilichobaki karibu chote ni maji. Mimi lozi huinunua kwa ladha, sijawahi kuihesabu kama chakula.

Kuhusu kalsiamu, maziwa ya ng'ombe yana miligramu 120 hivi kwa kila mililita 100. Mengi ya mimea huongezewa kiwandani yafikie kiwango hicho, basi itafute namba hiyo kwenye lebo. Tazama pia kama yameongezewa vitamini B12, vitamini D na madini joto, hasa kama huli nyama, samaki wala mayai. Yale yenye alama ya kilimo hai mara nyingi hayakuongezewa kitu. Halafu tikisa pakiti kila unapomimina. Kalsiamu hiyo hutuama chini, na asiyetikisa anaitupa pamoja na pakiti.

Wenye watoto, hapa sina mzaha. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi maziwa ya mimea badala ya maziwa ya mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga, hata kama pakiti imechorwa katuni. Maziwa ya mchele nayo yana kiasi cha arseniki, sumu ambayo mpunga huinyonya kutoka ardhini na majini. Uingereza inashauri watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe kabisa. Na kama mtoto wako tayari ana mzio, panga mabadiliko haya pamoja na daktari au mtaalamu wa lishe.

Kwenye kahawa, shida kubwa ni kukatika. Unamimina soya, mara unaona vipande vinaelea. Kahawa ina uchachu, nayo protini ya soya ikikutana na uchachu na joto kali kwa pamoja hugandamana. Dawa yake ni kuyapasha maziwa kwanza, kuyatia kwenye kikombe, kisha kumimina kahawa juu yake taratibu ikiwa imepoa kidogo. Kahawa iliyokaangwa sana huwa na uchachu mdogo, kwa hiyo husumbua kidogo. Kuna pia pakiti zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kahawa. Hizo zimetiwa mafuta kidogo na kitu cha kupunguza makali ya uchachu. Oti haina tabu hiyo sana, ndiyo maana imependwa mno kwenye kahawa. Utamu wake hata bila sukari una asili yake: miaka ya 1990, Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alitumia vimeng'enya kuivunja wanga ya oti ili kinywaji kisiwe kizito kama gundi. Wanga ikivunjwa hugeuka sukari iitwayo maltosi. Anayechunga sukari ya damu asidanganyike na maneno "haijaongezwa sukari".

Nazi naipitia haraka. Tui la kupikia ni jambo moja, na kinywaji cha nazi cha pakiti ni jambo jingine, chepesi zaidi. Vyote viwili havina protini ya maana.

Nyumbani natengeneza soya, na sioni uvivu. Loweka kikombe 1 cha soya kavu usiku kucha, mwaga maji, kisha saga kwa maji ya moto sana. Ile harufu ya maharage mabichi inayowafukuza watu huzaliwa pale punje inapovunjwa ikiwa kwenye maji baridi, moto huiwahi. Usiijaze blenda, mvuke utaurusha mfuniko. Maji yote yawe vikombe 8 hivi. Chuja kwa kitambaa, kamua, kisha chemsha. Povu litapanda upesi ukadhani yameiva, nayo bado. Punguza moto, koroga, yaache yatokote polepole kwa dakika 15 hadi 20. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, na moto ndio unaovimaliza. Machicha usiyatupe, yachanganye kwenye unga wa mikate.

Oti inataka kinyume chake: usiloweke, tumia maji baridi, kikombe 1 cha oti kwa vikombe 4 vya maji, saga nusu dakika tu, chuja bila kukamua. Ukizidisha, yanateleza. Na usiyachemshe, kwani wanga yake bado nzima na itaganda sufuriani. Ya oti ya nyumbani yanywe baridi.

Yote ya nyumbani yakae kwenye friji, na yaishe ndani ya siku 3 au 4. Yakijitenga, maji juu na uzito chini, si kuharibika, tikisa tu. Yakinuka uchachu au yakivutika kama ute, mwaga.