Mwambie avue viatu

Nyinyi mnaoanza intani mwezi huu mtaona vidonda vya miguu hadi mvichoke: vya kisukari, vya moto, vya bodaboda. Kimoja, pengine kimoja tu mwaka mzima, kitakuwa melanoma ya unyayo, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, na kitapita mbele ya macho yenu kikiitwa kidonda sugu.

Mimi nilikipitisha. Bibi mmoja, mkulima, kadi yake ilisema kachomwa na mwiba kisiginoni, nami nikaendelea pale mwenzangu alipoishia: safisha, funga, rudi Jumatatu. Kijijini kwake walikwishaamua kuwa kategewa kitu njiani. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, mwiba gani huu wa mwaka mzima?" Ndipo nikainama na tochi. Kando ya nyama nyekundu palikuwa na weusi uliosambaa kama wino uliovuja kwenye karatasi, huoni unapoishia. Nikapapasa kinena, nikakuta mtoki mgumu kama kokoto, wala haumuumi.

Vitabu vingi huanza na jua na ngozi nyeupe. Huku kwetu msilitegemee hilo, maana melanoma ya unyayo, kiganja na chini ya ukucha haihitaji jua. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36; ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu, na mwanzoni ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Wala msisubiri weusi kila mara. Nyingine ina rangi ya waridi, unaweza kuapa ni nyama changa ya kidonda kinachopona.

Kwenye kucha, mistari myeusi katika vidole kadhaa vya mtu mweusi ni jambo la kawaida. Lakini mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka, na weusi umemwagikia hadi ngozi ya shina la ukucha? Huyo asitoke mlangoni bila tarehe ya kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara.

Na kinyama chenyewe kina adabu zake. Doa likiwa dogo, litoeni lote na ukingo mwembamba wa milimita 1 hadi 3. Likiwa kubwa, chukueni palipo nene zaidi, wima, hadi mfikie mafuta ya chini ya ngozi. Msikwangue juu juu! Mtu wa patholojia anapima kina kwa milimita, na kina ndicho kinachoamua upasuaji: isipozidi milimita 1, hukatwa sentimita 1 kuzunguka, ikizidi 2, sentimita 2, na mara nyingi kiraka cha ngozi juu yake. Fomalini, dawa ya kukihifadhia, iwe mara kumi ya kinyama (wa stoo atanuna, mwacheni). Jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana. Kwenye fomu msiandike "kidonda" tu. Andikeni kilipo, tangu lini, kisha "melanoma?" na alama yake ya kuuliza.

Dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumabu, zipo, ila wagonjwa wetu wengi hawaifikii bei yake. Kwao tegemeo ni kisu, kikiwahi.

Majibu ya bibi yalirudi kama nilivyohofia, na mtoki nao ulikuwa na saratani. Jioni ile nilikaa na kadi yake nikahesabu. "Safisha, funga" iliandikwa mara 14. Tisa ni mwandiko wangu.