Maswali ya Wasomaji: Hisopo ya Biblia ni Mmea Gani?

SWALI: Nimepanda mbegu zilizoandikwa "hisopo", zimetoa maua ya buluu. Ndiyo ile ya kupaka damu milangoni, Kutoka 12:22?

JIBU: Hapana. Huo ni Hyssopus officinalis, mmea wenye majani membamba ambao hauoti wenyewe katika nchi ya Israeli. Hisopo ya Waebrania, kwa maoni ya wataalamu wengi na yetu pia, ni Origanum syriacum, ambao Waarabu huuita zaatari. Ni kichaka cha jamii ya mnanaa, huota kwenye nyufa za miamba na kuta, sawasawa na 1 Wafalme 4:33.

Viringisha shina changa kati ya vidole, utahisi pembe nne. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, rangi ya kijani yenye ukijivu, na yamejaa vinyweleo laini. Sugua jani moja: harufu ni kali, inakaribia ile ya thaimu. Maua ni madogo, meupe.

Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoifanya ifae kunyunyizia. Funga pamoja vitawi kumi hivi vibichi, vichovye majini, kisha uinue. Maji hunasa katikati ya majani, ukitikisa yanaruka matone matone. Usitumie vitawi vikavu, kwani majani yatapukutikia bakulini.

Ugumu uko Yohana 19:29, hisopo inapoinua sifongo ya siki, ilhali Mathayo na Marko wanataja mwanzi. Wapo wanaosema hapo ni mtama, kwa kuwa bua lake ni refu. Hatukubaliani nao: mtama hauoti ukutani wala haunyunyizii kitu, na shina la zaatari likikomaa huwa gumu kama kijiti.

Ukinunua mbegu tena, soma jina la Kilatini kwenye pakiti. Ni ndogo mno, kwa hiyo zitandaze juu ya udongo wenye mchanga bila kuzifukia. Maji yakituama, mizizi huoza. Huko Israeli usiing'oe porini. Inalindwa kisheria tangu 1977.

SWALI: Nitatofautishaje ubani na manemane?

JIBU: Vunja kipande. Manemane ni ya kahawia yenye wekundu, ndani inang'aa kama imepakwa mafuta, na ni chungu sana ulimini. Ubani ni wa njano iliyofifia, mara nyingi una vumbi jeupe juu yake.